Baba yangu naye alikuwa profesa wa watu: jibu kwa mleta mada kuhusu chumba cha marehemu

Pole sana, mleta mada. Umesema mzee wako, mhadhiri, ana miezi minne kaburini, chumba chake kimejaa makaratasi, na ndugu wanataka kisafishwe kabla wageni wa Desemba hawajafika. Halafu mwishoni, kama mtu anayeona haya kusema, ukaongeza kwamba kila anayekuja kutoa pole anakusimulia mtu usiyemjua, mpaka unajiona ulidhulumiwa. Habari za RITA (wakala wa serikali wa usajili wa vizazi na vifo), muhtasari wa kikao cha ukoo na mahakamani, waliochangia hapo juu wamezimaliza, sirudii. Ila nakala za cheti cha kifo toa nyingi, kila ofisi itataka ya kwake.

Wa kwangu alifariki 2017. Alikuwa mtu wa mimea, Chuo Kikuu cha Dar es Salaam. Aliingia pale kama mwanafunzi miaka ya 1960, Mlimani ikiwa bado sehemu ya Chuo Kikuu cha Afrika Mashariki, akaja kufundisha hadi kichwa kikawa cheupe chote. Nyumbani tulimjua kwa hali tatu: hayupo, amerudi na matope, au anasahihisha. Miaka ya 1980, mshahara ulipokuwa hauvuki tarehe kumi, alifuga kuku wa mayai nyuma ya nyumba ya chuo kama walivyofanya wahadhiri wengi, na mwanafunzi aliyekuja na tasnifu yake alikuwa anakabidhiwa kwanza ndoo ya maji ya kuku. Nilikuwa nawaonea huruma. Kumbe msibani ndio walikuwa wanagombea kuisimulia hiyo ndoo, tena watu wazima wenye suti, mmoja mpaka anaonyesha ilikuwa inabebwaje.

Usiku wa pili wa msiba, chini ya turubai, akasimama dereva mstaafu aliyekuwa akimwendesha kwenda msituni. Akasema Land Rover ikishaiacha Muheza na kuanza kupanda kwenda Amani, kwenye milima ya Usambara, profesa alikuwa anaanza nyimbo za Kilutheri, sauti ya besi, wimbo baada ya wimbo mpaka wanafika. Mleta mada, sisi hatujawahi kumsikia baba akiimba. Kanisani alikuwa anashika kitabu huku anatazama maua ya madhabahuni, na sote tulijua anayahesabu petali. Nilimgeukia mama. Aliniangalia, kisha akaanza kunyoosha pindo la khanga yake lililokuwa limenyooka tayari. Nakuambia ukweli, nilimchukia yule mzee wa watu kwa muda wa kama dakika tano.

Hicho unachokiona wewe ni dhuluma, mimi naona ni wivu. Hakina ubaya, mradi usikae nacho peke yako kitandani. Baada ya mwezi nilipanda daladala hadi Tegeta, nikamtafuta dereva, nikakaa naye kibarazani saa mbili nzima simu ikirekodi. Nilimwomba aniimbie vile baba alivyokuwa anaimba. Akakataa kwanza, akasema sauti yake imeisha. Halafu akaimba. Basi na wewe una dereva wako mahali, au katibu muhtasi, au fundi wa maabara. Maprofesa wenzake waache kwanza, hao watakusomea wasifu tu.

Sasa chumba. Hapa nikueleze kosa langu mwenyewe ili usilirudie. Wiki ya tatu, kwa kiherehere cha kutaka kuonekana nimepangua kitu, nilitoa maboksi mawili ya karatasi za zamani za mazoezi ya wanafunzi nikampa mama mmoja wa Changanyikeni anayeuza maandazi. Ya kufungia. Siku chache baadaye mwanangu analeta maandazi asubuhi, nafungua karatasi, kwenye ukingo ulioloa mafuta kuna mwandiko wa baba kwa penseli: "Umeona, au umeambiwa?"

Hilo swali ndilo alikuwa analiandika kila mahali. Hakutumia kalamu nyekundu maisha yake yote, alikuwa anasema wino unamtukana mtu milele, penseli anaweza kuifuta akishaelewa. Mwanafunzi akiandika kwamba mti fulani unatoa maua baada ya masika, anaulizwa: umeona, au umeambiwa? Na sisi nyumbani vilevile. Ukija na habari za jirani, unaulizwa hilohilo, na habari inakufia mdomoni. Nilikimbia kwa yule mama nikiwa na kandambili za bafuni. Boksi moja lilikuwa limeshakwisha. La pili alinirudishia, akakataa hela, akanipa na maandazi manne.

Kwa hiyo waambie ndugu zako chumba kinafungwa, ufunguo unakaa na mtu mmoja, na mwaka huu wageni wa Desemba watalala sebuleni. Wakikununia, wanune. Baba mdogo alininunia mpaka Pasaka.

Hujasema mzee wako alifundisha somo gani. Kama ni sheria au historia, haya ya mimea yatakuhusu nusu tu, lakini soma hivyohivyo. Chini ya kitanda baba alikuwa na mimea iliyokaushwa, bado imebanwa kwenye zile fremu za mbao zenye mikanda. Mmea hukaushwa ndani ya gazeti, gazeti hunyonya maji, na mkusanyaji huandika namba kwenye ukingo wa gazeti lenyewe. Ukiona "majani makavu na magazeti ya kizamani", kama alivyoita shangazi, ukatenganisha majani na magazeti ili pakae nadhifu, umeua vyote viwili. Mmea usio na namba haujulikani ulitoka mlima gani, na hakuna hebaria (hifadhi ya mimea iliyokaushwa) itakayoupokea. Namba ndiyo inakupeleka kwenye daftari, na daftari ndilo lenye mahali, tarehe, kimo kutoka usawa wa bahari, rangi ya ua likiwa bichi (likikauka rangi hupotea), na alichosema mwenyeji aliyeonyesha njia.

Niliyafungua taratibu, kwa wiki nyingi, naftalini ikinichoma macho. Uhuru. Mzalendo. Daily News. Kulikuwa na tawi la msambu, ule mti wa Usambara ambao mbegu zake zinakamuliwa mafuta, limelala juu ya Uhuru la Aprili 1984, juma alilokufa Waziri Mkuu Sokoine. Utomvu umeacha doa la kahawia lenye umbo la jani katikati ya habari za msiba ule. Nchi nzima inalia, yeye alikuwa porini, gazeti limemfikia limechelewa, amelisoma, kisha amelitumia. Huyo alikuwa baba yangu kabisa.

Ukinisikia nasema porini usidhani ni pori tu. Amani Wajerumani walijenga kituo cha utafiti mwaka 1902, na mimea iliyokusanywa pale kwa karibu nusu karne ilihamishiwa Nairobi mwaka 1950. Baba aliipigia hesabu hiyo hadi uzeeni, kama mtu aliyeazimisha ng'ombe. Kile kiua cha zambarau (African violet) ambacho Wazungu wanakipanda kwenye vyungu madirishani kinatoka milima hiyohiyo. Mwaka 1893 kilipewa jina la baroni wa Kijerumani aliyepeleka mbegu kwao. Mzee alikikuta London dukani akiwa masomoni, kwenye baridi, akakinunua kwa hela ya chakula. Hiyo alitusimulia mwenyewe, mara nyingi mno. Na ule mradi wa kuorodhesha mimea yote ya Kenya, Uganda na Tanzania, ambao vitabu vyake vilianza kutoka 1952 na kukamilika 2012, aina zaidi ya 12,000, siku alipopata habari kwamba umekwisha alichinja jogoo. Sisi tukawa tunauliza mgeni yuko wapi.

Nirudi kwenye daftari, maana ndiko nilikotaka kukufikisha. Mkusanyaji wa mimea huanza na namba 1 akiwa kijana na haanzi upya, wala kwa mwaka mpya wala kwa safari mpya. Namba zinakwenda naye mpaka mwisho. Za baba ziliishia 4,186. Nilikuwa nazinakili kwenye kompyuta, kazi ya kusinzia, nikafika 2,311: Februari 1987. Inayofuata, 2,312: Novemba 1987. Miezi tisa hakuna hata jani, na huyu ni mtu aliyekusanya hadi kwenye fungate.

Mwaka 1987 nilikuwa na miaka minane. Jiko la mafuta ya taa lililipuka nikaungua mguu, nikalazwa, nikatoka, nikawa wa kupelekwa kubadilishwa bandeji miezi na miezi. Katika kumbukumbu zangu zote aliyenibeba ni mama. Ningeweza kuapa mahakamani.

Nikamfuata mama jikoni. "Mama, mwaka ule wa mguu, nani alikuwa ananipeleka hospitali?"

"Baba yako. Siku hadi siku. Kwa baiskeli."

"Mbona mimi nakukumbuka wewe?"

"Mimi nilikuwa nakupokea ukirudi unapiga kelele." Akaendelea kuchambua mchele. Baadaye kidogo akasema, "Alikuwa anakufunga na mkanda ule wa majani yake, usidondoke."

Mkanda wenyewe ninao, umepasukapasuka kwenye tundu la tatu.

Sikuahidi kwamba na wewe utakuta kitu cha namna hiyo. Inawezekana ukakuta madeni, au barua ambazo ungependa usingezisoma. Rafiki yangu mmoja alizikuta, na yeye anasema angechagua kutojua. Hilo nakuachia. Ninachokushauri ni orodha kwanza, kugawa baadaye. Kila kitabu, kila faili, kila tasnifu yenye sahihi ya mwanafunzi. Maktaba zikija, ziulize zinataka nini hasa, kwa sababu vitabu vingi wanavyo tayari. Wanachokosa ni yale yaliyoandikwa kwa mkono. Mimea yetu ilikwenda hebaria na daftari likanakiliwa, lenyewe tumebaki nalo.

Nguo ziligawiwa kijijini kwa utaratibu wa ukoo. Tulimzika kihambani, yaani kwenye shamba la ukoo, Marangu, katikati ya migomba na kahawa, na wazee wakapanda masale, mmea wa heshima kwa Wachaga, pembeni ya kaburi. Kijana mmoja, mwanafunzi wake wa mwisho mwisho, aliinama akalishika jani, akataja jina la Kilatini kwa sauti ya chini, na watu wa ukoo wakamkata jicho. Mimi nilicheka kwa mara ya kwanza tangu Jumanne ile. Koti la msituni sikulitoa. Mfukoni kulikuwa na uzi, kipande cha penseli, na mbegu tatu ambazo hadi leo hakuna aliyenitajia ni za nini. Mbili nilizipanda, hazikuota.

La mwisho ni simu yake. Usiizime. Namba isipotumika kwa muda inafungwa na kupewa mtu mwingine, nawe utakuja kupiga siku moja usiku ukute mtu baki anakuambia umekosea. Weka vocha kidogo, iache kwenye chaji. Ya baba iliendelea kuita zaidi ya mwaka. Walikuwa wanapiga watu wa Handeni, wa Lushoto, mganga mmoja wa Korogwe aliyekuwa akimletea magome na kubishana naye. Huyo hakuwa amesikia. Aliposikia alinyamaza muda mrefu, nikadhani salio limekata, kisha akasema sasa hili gome alilolipata atampelekea nani.

Nikamwambia alilete, kuna vijana pale idarani. Lakini kabla sijakata nilimuuliza huo mti ni yeye mwenyewe aliyeuona ukiwa umesimama, au aliletewa gome tu. Akasema aliletewa. Nikamwambia basi aende kwanza akauone.

Ukikwama kwenye hayo maboksi njoo PM. Nipo Changanyikeni, jioni nyingi nakuwepo, na naftalini imebaki.