Kabla hamjasema "fanyeni kila linalowezekana"

Nimekuwa muuguzi wa watoto njiti kwa muda mrefu, na hakuna kauli ninayoisikia kwa wazazi kama hiyo. Siwalaumu. Ila hebu tuangalie ndani yake mna nini.

Kwa mtoto anayezaliwa mimba ikiwa na wiki 23 au 24, "kila linalowezekana" ni mpira kooni, mashine ya kupumulia, mirija kwenye mishipa ya kitovu, sindano kila leo. Ngozi yake ni laini kiasi kwamba plasta ikibanduliwa kwa haraka hutoka nayo. Wapo wanaopita humo wakatoka wazima, wapo wanaotoka na ulemavu, na wapo wasiotoka. Njia nyingine ni kumpa faraja tu: awekwe kwenye joto, apakatwe, apewe dawa ya maumivu. Huko nako ni kumhudumia, asije mtu akawaambia mmemtelekeza.

Ulizeni wiki zimehesabiwaje. Ultrasaundi ya miezi mitatu ya mwanzo huaminika kuliko tarehe ya hedhi, na kati ya wiki 22 na 25 siku chache zina uzito mkubwa. Hata hivyo wiki peke yake hazitoshi: kuna uzito wa mtoto, kuna kama ni pacha, na wa kike huwa na nafuu kidogo. Kisha muulizeni daktari, "Hapa kwenu, watoto wa umri huu mnaowahudumia, wangapi wanakwenda nyumbani, na wanaendeleaje?" Takwimu za hospitali nyingine hazitawafaa sana.

Jambo lisilosubiri ni sindano za steroidi anazochomwa mama ili mapafu ya mtoto yakomae. Hufanya kazi vizuri zaidi zikitangulia uzazi kwa siku moja hivi, kwa hiyo ziulizieni mapema hata kama hamjaamua. Kuzikubali hakuwafungi kukubali mashine. Na kama ni kuhamia hospitali kubwa, mtoto husafiri salama zaidi akiwa bado tumboni.

Tena, uamuzi huu haufanywi mara moja ukaisha. Mnaweza kukubaliana na madaktari kuanza matibabu na kutazama. Ulizeni mapema: dalili gani zitatufanya tukae tena kuamua? Damu kuvuja kwenye ubongo, kwa mfano, mara nyingi hutokea katika siku tatu za mwanzo, na ultrasaundi ya kichwa huionyesha. Ombeni kikao kingine baada ya hapo, na awepo mtu wa kuandika, maana mwenye hofu hukumbuka nusu ya aliyoambiwa.

Kinachoniudhi ni kuona baba, shangazi na mjomba wakikata shauri koridoni ilhali mama yuko wodini na dripu yake, hajui kinachosemwa. Mwambieni daktari mazungumzo yafanyike kitandani kwake.