Kipato cha msimu: ninavyojilipa mshahara wa kila mwezi (udereva wa utalii, Arusha)

Mdogo wangu, umeuliza mambo mawili: Julai unashika pesa nzuri lakini ikifika Aprili unakopa mpaka hela ya unga, ufanyeje? Na je, uchukue mkopo ununue gari lako la kubebea wageni? Mimi pia ni deiwaka, sijaajiriwa na kampuni yoyote, na suala hili linaniuma kwa sababu naona vijana wachapakazi wanafika miaka thelathini na kitu bila akiba.

Kalenda ya mji huu unaijua. Wageni wanajaa Juni hadi Oktoba, wanapungua mvua za vuli zikianza, wanarudi Krismasi na tena Februari nyumbu wanapozaa kule Ndutu. Halafu masika: Aprili na Mei magari yanalala, kambi kadhaa zinafunga. Ni hivyo kila mwaka, kwa hiyo masika si dharura. Ni gharama unayopaswa kuilipa kwa pesa ya Agosti.

Mimi nachukua kipato chote cha mwaka uliopita, natoa gharama za kazi (leseni, bima, vocha, kodi), kinachobaki nagawa kwa 12, kisha napunguza tena kidogo. Tuseme ilibaki 9,600,000. Kwa 12 ni 800,000. Hapo mimi ningejilipa 650,000. Tarehe mosi natoa hiyo tu, hata kama jana yake nimerudi Serengeti na bahasha nene. Hela ya kutuma nyumbani nayo imo humo humo, na wazazi nimewaambia kiasi chake. Walielewa haraka kuliko nilivyotegemea.

Mtihani mkubwa ni tipu. Posho inaweza kupitia benki, lakini tipu unapewa mkononi, siku ya mwisho ya safari, umechoka na wenzako wanakusubiri. Mimi nailaza, asubuhi inayofuata naipeleka benki kwenye akaunti ambayo sijaiunganisha na simu.

Pa kuweka: Mfuko wa Ukwasi wa UTT AMIS (kampuni ya serikali inayosimamia mifuko ya uwekezaji wa pamoja) unaanza na 100,000, kisha unaongeza kuanzia 10,000. Ukitaka kutoa unasubiri siku chache za kazi, na huko kusubiri kunakulinda. VICOBA (vikundi vya kuweka na kukopa) navyo ni vizuri, ila angalia mwezi wa kuvunja, yaani kugawana akiba. Vingi vinavunja Desemba, wakati sisi bado tuna kazi. Kikundi chetu cha madereva tulikubaliana kuvunja mwisho wa Machi, na masika yakawa mengine kabisa.

Kodi usiisahau. Makadirio ya TRA yanalipwa kwa awamu nne, na ya Juni inakukuta ndiyo kwanza unatoka kwenye ukame. Iweke kando tangu Februari.

Mikopo ya kausha damu (ile ya mitaani yenye riba kubwa) na ya programu za simu, kaa mbali nayo. Novemba 2024 Benki Kuu ilitangaza programu 69 zilizokuwa zikikopesha bila leseni. Kama una kikundi cha vijana, ulizia halmashauri: asilimia 4 ya mapato yao ya ndani ni mikopo ya vijana isiyo na riba. Ichukue kwa kitu kinachoingiza hela, siyo kwa chakula cha Aprili.

Gari? Marejesho ni kila mwezi, kipato chako siyo. Mimi nisingesaini kabla ya kuwa na marejesho ya miezi sita yamekaa benki, tena nje ya huo mshahara. Land Cruiser ikikata springi Mei hakuna mgeni wa kuilipia.

Kama huna daftari la mwaka jana, rudi kwenye meseji za simu na taarifa ya benki, jumlisha mwezi kwa mwezi. Ukishapata jumla iweke hapa, tuipigie hesabu pamoja.