Maswali yenu: Greenland chama cha pili kimeachwa nje, imekaaje hii?

Toka nimegusia ule uchaguzi wa Greenland wa Machi 11, 2025 meseji hazijaisha, na wengi mnauliza huku mnaiangalia Zanzibar, jambo ambalo mimi naona liko sawa kabisa. Nimejibu chache.

Bro, hiyo Greenland si ndo ile anayoitaka Trump? Ni nchi au ni mkoa wa Denmaki? (Dereva boda, Nkuhungu)

Ndo hiyohiyo. Ardhi yake ni zaidi ya mara mbili ya Tanzania ila watu kama elfu 57 tu, wakati jiji letu la Dodoma peke yake sensa ya 2022 ilikuta zaidi ya laki saba. Iko ndani ya ufalme wa Denmaki, lakini toka 1979 wana bunge na serikali yao, 2009 wakaongezewa mamlaka. Shule, uvuvi, madini wanaamua wenyewe, ulinzi ndo uko Copenhagen. Mji na mji hakuna barabara, ni ndege au boti.

Mshindi kapata asilimia 30 tu, sasa huyo kashinda nini? (Mwalimu, Kondoa)

Mwalimu, hapa inabidi tuweke kando kidogo mazoea yetu ya majimbo. Kwetu ukimzidi mwenzako hata kura moja jimbo ni lako lote, kura za aliyeshindwa hazileti mbunge wa jimbo. Kule nchi nzima ni jimbo moja lenye viti 31, na kila chama kinapata viti kulingana na kura zake, basi. Demokraatit asilimia 29.9, viti 10. Naleraq 24.5, viti 8. Inuit Ataqatigiit, waliokuwa madarakani, viti 7, Siumut 4, Atassut 2. Sasa chukua asilimia 29.9 hiyohiyo uisambaze sawasawa kwenye majimbo yetu, unaweza ukatoka bila jimbo hata moja, kule inakufanya chama kikubwa kuliko vyote. Ila kuwa mkubwa sio kutawala, unatakiwa uwe na watu 16 nyuma yako bungeni na yeye ana 10, kwa hiyo usiku ule wa matokeo kijana Jens-Frederik Nielsen, kiongozi wa Demokraatit, miaka 33, alikuwa amepata tu haki ya kuanza kuwapigia wenzake simu.

Mwanangu, Zanzibar wa pili anapewa Makamu wa Kwanza wa Rais. Hao Naleraq ni wa pili na wameachwa nje. Hiyo si dhuluma? (Mzee, Mpwapwa)

Shikamoo mzee wangu. Swali hili ndo limenifanya niandike leo.

Zanzibar ile nafasi imo kwenye katiba. Walipiga kura ya maoni Julai 31, 2010, asilimia 66.4 wakasema ndiyo, na Oktoba mwaka huohuo Dk. Shein akapata asilimia 50.1, Maalim Seif 49.1. Mzee, hebu ziangalie hizo namba. Ukimwacha nje mwenye 49 umeacha nje nusu ya watu, na Zanzibar ilishamwaga damu 2001, kwa hiyo mimi siwezi kuibeza ile kanuni, ilikuja kutibu kidonda. Ila ina shida yake, serikali ya umoja inategemea asilimia. Uchaguzi wa 2015 ulipofutwa na CUF wakasusia marudio ya Machi 2016, hakuna mpinzani aliyefika asilimia 10 zinazotakiwa na kiti cha Makamu wa Kwanza kikakaa wazi.

Greenland hakuna sheria inayosema wa pili aingie. Ni mahesabu na sera. Naleraq wanataka uhuru wa haraka, Demokraatit nao wanautaka ila polepole, uchumi kwanza, maana samaki ndo karibu mauzo yote ya nje na ruzuku ya Denmaki inabeba karibu nusu ya bajeti. Wakakaa mezani wakashindwana, Naleraq wakaenda upinzani. Dhuluma siioni hapo mzee, kwa sababu mlango haujafungwa, Naleraq haohao waliingia serikalini 2021 wakiwa na viti 4 tu, 2022 wakatoka, Siumut wakachukua nafasi. Mpinzani anayejua kesho anaweza kuitwa mezani hana haja ya kususa.

Wakishakubaliana wanaandika, au ni maneno ya vinywani tu? (Dada wa Singida)

Wanaandika dada, wanasaini mchana kweupe na mwananchi anasoma. Mkataba huu ulisainiwa mji mkuu wao, Nuuk, Machi 28, vyama vinne, vyote isipokuwa Naleraq, na ukurasa wa kwanza kabisa umeandikwa kwamba Greenland ni yetu. Siku hiyohiyo makamu wa rais wa Marekani, JD Vance, alikuwa kwenye kambi ya jeshi lao ya Pituffik, kaskazini ya kisiwa hichohicho. Na waziri mkuu aliyeshindwa, Múte Egede, akakubali kuwa waziri wa fedha chini ya kijana aliyemtoa. Hili natamani sana nilione huku kwetu.

Demokraatit na Inuit Ataqatigiit wanafika 17, zinatosha. Kwa nini wabebane mpaka 23? (Mwanafunzi, UDOM)

Umehesabu vizuri mdogo wangu. Zinatosha kupitisha bajeti, ila hazikutosha kumjibu Trump. Mwenye 17, wawili tu wakigeuka amekwisha, na taifa kubwa likikutolea macho hutaki mtu wa nje apate wabunge wawili wa kuwarubuni. Ndo maana hata Atassut, wanaotaka kubaki na Denmaki, walikubali kukaa serikali moja na wanaotaka uhuru.

Na wakikorofishana? (Manyoni)

Inatokea sana. 2014 waziri mkuu Aleqa Hammond aliachia ngazi kwa sababu ya matumizi ya fedha za umma, wakarudi kwenye uchaguzi Novemba mwaka huo wakati ule mwingine ulikuwa wa Machi 2013 tu. Halafu Februari 2021 chama kidogo kilijitoa serikalini katikati ya mvutano wa mgodi wa madini uliopangwa kule Kvanefjeld, wingi ukapotea, Aprili watu wakapiga kura upya na chama hicho kikaambulia viti 3. Kilikuwa Demokraatit, hawahawa waliopata 10 mwaka 2025.