Besi ya zamani: pima kwanza, ndipo uagize vyuma

Kifunguo kimoja cha kukazia nyuzi za gitaa la besi kikivunjika, wengi hukimbilia kununua seti nzima mpya, kisha fundi anaambiwa atoboe kichwa cha gitaa upya ili seti iingie. Usikubali. Tundu la besi ya miaka ya 1960 au 1970 likishapanuliwa, hata ukija kupata kifunguo cha asili hakitashika tena.

Chukua kalipa, ile ile wanayotumia mafundi wa injini. Toa kifunguo kizima kati ya vile vilivyobaki, upime kipenyo cha nguzo inayozungushiwa uzi, kipenyo cha tundu kwenye mbao baada ya kutoa bushi (pete ya chuma inayoshikilia nguzo), upana wa bati la nyuma, na umbali kati ya skrubu zake. Besi za zamani za Fender, kampuni ya Marekani, kwa kawaida zina tundu la milimita 17.5 hivi, yaani inchi 11/16. Kifunguo cha tundu dogo kuliko hilo bado kinafaa, kwa sababu nafasi inajazwa kwa pete. Mafundi wa kukereza chuma pale Katwe, hapa Kampala, wanaweza kukuchongea pete hizo za shaba ukiwapelekea vipimo pamoja na bushi ya zamani kama sampuli. Kifunguo cha tundu kubwa zaidi kiache dukani. Angalia pia kinazunguka upande gani: vifunguo vingi vya Fender vya enzi hizo hukaza kinyume na vya leo, na ukichanganya kimoja kipya na vitatu vya zamani, utakuwa unalegeza uzi ukidhani unaukaza.

Skrubu ndogo ndizo zinazoharibu kazi kuliko kitu kingine chochote. Besi za Marekani hutumia hesi (mikunjo ya skrubu) za inchi, za Japani hutumia za milimita, na macho hayawezi kuzitofautisha. Skrubu ya Marekani iitwayo 6-32 ina unene wa milimita 3.51, na M3.5, ile ya milimita, ina 3.5. Lakini umbali kati ya hesi moja na inayofuata kwa ya kwanza ni milimita 0.79, kwa ya pili ni 0.6. Kwa hiyo M3.5 uliyookota kwenye kopo la skrubu za mchanganyiko soko la Kisekka itaingia mizunguko miwili, itagoma, na ukiilazimisha itakula hesi za kibebeo cha uzi, kile kichuma cha darajani ambacho uzi unalalia. Jaribu kwa vidole vitupu, ikigoma, itoe. Ufunguo wa pembe sita nao una mtego huo huo: wa milimita 1.5 unaingia kwenye skrubu ya inchi 1/16 (milimita 1.59), unateleza, na kona zote zinaisha.

Skrubu iliyoganda kwa kutu, na hapa karibu na ziwa kutu haichelewi, usiishambulie kwa nguvu. Ng'oa daraja zima (chuma kinachoshika nyuzi kwenye mwili wa besi) kwanza ili mafuta yasinywewe na mbao, tia tone la mafuta ya kulegezea kutu, liache usiku kucha. Iliyoganda ndani ya mbao igusishe ncha ya pasi ya kulehemu kwa nusu dakika, iache ipoe, ndipo uifungue. Tundu lililolegea lijaze kijiti cha mbao ngumu na gundi ya mbao, usubiri hadi kesho yake. Skrubu mpya ipake nta ya mshumaa. Sabuni usitumie, maana huvuta unyevu.

Kwa daraja, pima kutoka katikati ya uzi wa kwanza hadi katikati ya uzi wa nne: Fender ya kawaida ni kama milimita 57. Fender ya aina ya Precision ya kabla ya 1957 ina vibebeo viwili tu, kwa hiyo daraja la vinne si mbadala wake. Ukishafunga, weka multimita, ikiwa kwenye kipimo cha ohm, kati ya daraja na upande wa ardhi wa tundu la kuchomekea waya. Isome karibu na sifuri. Isiposoma hivyo, waya wa ardhi haugusi chuma na besi itavuma.

Potenshiomita (vidhibiti vya sauti vya kuzungusha) zinazokwaruza zipulizie dawa ya kusafishia swichi kabla ya kuzitupa. Nambari iliyogongwa mgongoni ina habari: 1376633 maana yake ni kiwanda cha CTS, mwaka 1966, wiki ya 33. Zikifa kabisa, weka za kiloomu 250, lakini pima shina kwanza, kwa sababu la Marekani ni milimita 6.35 na la Japani ni 6, na kitufe cha moja hakikai kwenye nyingine.

Unapoagiza nje, mwombe muuzaji picha ya kifaa kikiwa kando ya rula. Maneno "inafaa besi zote" hayana thamani. Hapa Uganda VAT ya asilimia 18 huhesabiwa juu ya bei pamoja na usafiri na ushuru, kwa hiyo kusanya mahitaji yote, skrubu za akiba zikiwemo, yaje kwenye kifurushi kimoja.