Kangaja mbabe asiyempa mgeni nafasi

Waalaykum salaam kaka. Umesema kangaja wako wa buluu, yule samaki wa baharini unayemfuga, mwenyeji wa miezi minne, anamkimbiza mgeni uliyemtia juzi mpaka mapezi yamechanika, na tangi lako hapo Chake Chake ni la lita 500.

Mtoe mbabe, si mgeni. Mweke wiki mbili kwenye tangi la pembeni, naye akirudi atakuwa ndiye mgeni. Usitumie wavu: ule mwiba wa shinani mwa mkia ni wembe hasa, hunasa kwenye nyuzi na huchana kiganja. Mkinge kwa bakuli.

Kabla hajarudi, panga mawe upya yote. Kila pango liwe na milango miwili. La mlango mmoja ni mtego. Kisha mrudishe ndani ya boksi la plastiki angavu lenye matundu, siku tano, waonane bila kugusana.

Funga mwani laini pembe mbili za tangi kila siku, maana njaa huwachokoza. Ukiona vidoa vyeupe kama chembe za chumvi, mtenge mgonjwa siku hiyo hiyo. Na wa tatu, tafadhali usimtie. Tangi hilo halimtoshi.