Muulize Babu: Mtu wa Kerry ukutani Kildare

Swali: Shikamoo Babu. Namhudumia mzee mmoja hapa Naas, kaunti ya Kildare, Ayalandi. Sebuleni katundika picha ya Mick O'Dwyer, aliyekuwa kocha wa mpira wao wa Kigaeli. Kumbe O'Dwyer mwenyewe ni wa Kerry, kaunti nyingine! Nikimuuliza mzee, anacheka tu. Halafu matokeo yao, mfano 1-15, yanasomwaje?
*Msomaji, Naas*

Jibu: Marahaba mwanangu. Tuanze na hesabu. Mpira ukiingia wavuni ni goli, sawa na pointi tatu. Ukipita juu ya mwamba, kati ya nguzo, pointi moja (tangu 2025, mashuti ya mbali hupata mbili). Kwa hiyo 1-15 ni goli moja na pointi 15, jumla 18.

Mimi nilifundishwa hesabu hiyo na msiba. Septemba 1982 nilikuwa mwanafunzi Dublin, nimepanga kwa mama mmoja wa Kerry. O'Dwyer alikuwa keshabeba ubingwa wa Ayalandi mara nne akiwa mchezaji, na sasa, akiwa kocha wa Kerry, kaubeba mara nne mfululizo, 1978 hadi 1981. Wakati huo, wa tano mfululizo hakuna aliyekuwa ameupata. Fainali ni dhidi ya kaunti ya Offaly. Dakika za lala salama Kerry wanaongoza kwa pointi mbili, Séamus Darby wa Offaly, katoka benchi muda si mrefu, akaachia shuti la juu. Wavuni! Offaly 1-15, Kerry 0-17. Mama alikuwa anamimina chai; alimimina mpaka kisahani kikafurika, wala hakuona.

O'Dwyer akarudi, akachukua 1984, 1985 na 1986. Ukijumlisha na la 1975, mataji manane ya ukocha.

Sasa Kildare. Kule mchezo ni wa ridhaa, na mtu kwa kawaida huchezea kaunti ya kwao, ndiyo maana unashangaa. Kildare hawakuwa na ubingwa wa mkoa wa Leinster tangu 1956. O'Dwyer, sasa kocha wao, akawapa mwaka 1998, na nusu fainali ya taifa wakakutana na nani? Kerry! Kocha wa Kerry ni Páidí Ó Sé, aliyekuwa mchezaji wake, na mwanawe O'Dwyer, Karl, kavaa jezi nyeupe ya Kildare. Ikaisha Kildare 0-13, Kerry 1-9. Haya, piga hesabu, utajua mzee anacheka nini.

Fainali Galway waliwafunga. Hiyo usimuulize.