Machweo yangu hayawaki

SWALI: Shikamoo Mama. Najifunza kuchora kwa rangi za mafuta. Niliona picha ya machweo mtoni ya Mfaransa Charles-François Daubigny, nikajaribu ya kwangu pale kivukoni Kamanga, ziwani, jua likizama ng'ambo. Nimejaza rangi ya chungwa lakini picha imepooza. Yake ina chungwa kidogo tu, tena inawaka. Nakosea wapi?
Kijana wa Kirumba, Mwanza

JIBU: Marahaba mwanangu. Hilo chungwa ndilo linalokuponza. Likienea kila mahali, halina giza la kulitokeza. Daubigny kwenye picha zake za jioni hutumia sana kijani kizito, kahawia na kijivu, kisha mwanga anauachia sehemu ndogo ya anga na majini chini yake.

Halafu angalia alikokaa. Mwaka 1857 alijipatia mashua, akaiita Botin, akaigeuza chumba cha kuchorea na kuzunguka nayo kwenye mito ya Oise na Seine. Mchoraji mwenzake Claude Monet naye alikuja kuwa na ya kwake. Ukiwa mashuani macho yako karibu na maji, ng'ambo inabaki ukanda mwembamba mweusi. Wewe bila shaka ulisimama juu barabarani! Shuka Mwaloni, kwenye soko la samaki hapo Kirumba, omba wavuvi wakuruhusu ukae kwenye mtumbwi uliofungwa. Tazama ubavu wa mtumbwi wa jirani: mweusi, ila ukingo wa juu una uzi wa mwanga. Kivuli chake majini hakikolei kama mbao zenyewe. Anga nayo ikijitazama majini hupungua mng'ao kidogo. Ukiyapata hayo mawili, maji yatalala chini yenyewe.

Ila Daubigny alikuwa na nafasi kuliko sisi. Kwao jua huzama kwa mshazari, jioni inakawia. Huku karibu na ikweta linashuka wima, na giza halichelewi. Kwa hiyo changanya rangi mapema, saa kumi na mbili ziwe tayari: ya anga, ya maji, ya giza. Anza na giza. Chungwa liweke mwisho kabisa, kwa ncha ya brashi.

Ukifika nyumbani usiiguse. Mwaka 1861 mhakiki Théophile Gautier alimlaumu Daubigny kwa kuishia kwenye taswira ya haraka bila kuimalizia. Mimi naona hapo ndipo alipopatia. Kama kuna kilichopungua, rudi Mwaloni kesho yake, saa ile ile.